Mapipa Sitini ya Maji

Wako watu waliozaliwa kuwa madaktari, wako waliozaliwa kuwa makarani, na mjini hapo alikuwapo mmoja aliyezaliwa kuwa mdau. Watu walimwita Mhandisi. Jina hilo alijipa mwenyewe siku alipookota kofia ngumu ya njano kando ya jengo lililokuwa linajengwa, na kwa kuwa kofia ilimkaa sawasawa kichwani, hakuna aliyemwomba cheti. Ujenzi hakuujua hata kidogo. Alichokijua kwa moyo ni ratiba ya mikutano yote ya serikali ya kupokea maoni, kwa sababu kwenye mikutano hiyo kuna chai, kuna mkoba wa kitambaa wenye kalamu ndani, na siku ya bahati kuna nauli. Mwaka huo peke yake alikuwa ameshakuwa mdau wa uvuvi, mdau wa lishe ya watoto wachanga na mdau wa viwango vya matofali, na kote huko alitoa maoni mazito.

Jumanne moja asubuhi akawa mdau wa taka hatari za viwandani.

Mezani mbele alikaa Mkaguzi Mkuu wa Mazingira, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuomba radhi, akieleza kwamba serikali ilikuwa na njia tatu za kuchagua. Ya kwanza ni kupiga marufuku, na hiyo wenye viwanda walishaikataa kabla ya kuisoma. Ya pili ni kutoza tozo kwa kila pipa la sumu, na hiyo waliikataa baada ya kuisoma. Ya tatu ndiyo iliyokuwa imewafurahisha wote: kumtuza anayepunguza. Mapipa yangehesabiwa mwezi huo, yangehesabiwa tena mwakani, na kiwanda kitakachoonekana kimepunguza nusu kingesamehewe kodi kwa miaka mitano.

Mkono wa Mhandisi ulikuwa njiani kuelekea kwenye sahani ya biskuti. Ukasimama hewani. Akainuka, akajitambulisha kwa vyeo vitatu, na akauliza swali moja tu.

"Mheshimiwa, siku ya kuhesabu, wahesabuji wenu watayafungua mapipa?"

Mkaguzi akajibu kwa masikitiko kwamba hapana. Barakoa za kuzuia mvuke zilikuwa zimeagizwa tangu mwaka juzi na bado hazijafika, na serikali haiwezi kuchezea roho za watumishi wake. Kwa hiyo mhesabuji ataona pipa, ataona mfuniko umefungwa, atabandika stika yenye namba, ataandika kwenye daftari na kwenda zake. Mhandisi akashukuru kwa niaba ya wadau wote, akakaa, na hakusikia tena neno lililosemwa mpaka mkutano ukafungwa. Alikuwa anapiga mahesabu yasiyohitaji kalamu ya bure.

Mhandisi aliishi kwa dada yake wa tumbo moja, mjane, aliyekuwa amenunua kiwanja kwa jasho lake na humo akaotesha miche ya kuuza: miti ya vivuli, maua, na ile mimea ya kupanda kuzunguka nyumba. Miche ilijaa ua mzima, mingine kwenye makopo, mingine kwenye mifuko myeusi, na kati yake kulikuwa na vijia vyembamba ambavyo dada alivijua hata akifumba macho. Chumba cha uani alimwachia mdogo wake bila kumdai chochote. Na ni haki kusema hapa kwamba katika maisha yake yote Mhandisi hakuwahi kumtapeli dada yake. Alimdanganya tu, na kwake hayo yalikuwa mambo mawili tofauti.

Wiki hiyohiyo akamwendea mwuza vyuma chakavu, akampaka mafuta kwa habari za zabuni ya serikali iliyokuwa karibu kumwangukia, na akaondoka na mapipa matupu sitini ya bluu. Aliyapanga uani kwa mistari. Dada alipotoka na kuuliza ni kitu gani hicho, akamwambia kiangazi kiko mlangoni, na kwa kuwa kila kiangazi bomba linakauka na nusu ya miche inakufa, yeye mdogo wake ameona asikae kimya. Ni akiba ya maji. Machozi yalimlengalenga dada wa watu. Siku mbili nzima alivuta mpira wa maji kutoka pipa moja hadi jingine, akiyajaza kwa mikono yake mwenyewe, akimsifia mdogo wake kwa majirani waliochungulia juu ya ukuta.

Yalipojaa, Mhandisi akamweleza kwamba maji ya kukaa muda mrefu lazima kwanza yakatibiwe kiwandani, yasioze. Yatarudi baada ya wiki mbili. Dada akaona hilo nalo lina akili.

Kiwanda alichokilenga kilikuwa cha rangi za nyumba, na mwenye kiwanda alijulikana mji mzima kama Tajiri wa Rangi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye ofisi yenye feni moja iliyoelekezwa kwake peke yake. Pembeni yake, siku Mhandisi alipoingia na kofia yake ya njano, alikuwa amesimama Mama Stoo, mwanamke mnene mkimya, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi na funguo za ghala zima zikiwa kiunoni.

Mhandisi hakupoteza muda. Aliuliza kiwanda kina mapipa mangapi ya tope la rangi na viyeyusho vilivyotumika. Tajiri akasema sitini. Mhandisi akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha ya mapafu. Kupunguza nusu ya sitini, akasema, ni kununua mitambo, ni kubadilisha viyeyusho, ni kufundisha watu upya. Ni miaka mitatu ya maumivu.

"Lakini ukihesabiwa mia na ishirini, bosi, na mwakani ukakutwa na sitini?"

Feni ikazunguka. Tajiri alielewa polepole, kisha akaelewa kwa kasi.

"Hayo sitini mengine nayatoa wapi?"

"Ninayo mimi. Ni maji matupu. Yatakuja, yatahesabiwa, yataondoka. Wewe umepunguza nusu, na hata kiti hujakisogeza."

Mama Stoo ndipo akafungua mdomo. Aliuliza, kwa heshima zote, kabla ya kuleta mapipa mengine, haya ya hapa yataondoka lini. Akakumbusha kwamba yamepangwa nyuma ya ukuta wa chumba wanamolia chakula wanawake wa upakiaji, kwamba mawili yameanza kuvuja, na kwamba hiyo ni barua yake ya kumi na moja, ila ya leo anaisema kwa mdomo. Tajiri akapunga mkono akasema wataliangalia. Mhandisi alisikia yote hayo kwa sikio moja, maana jicho lake lilikuwa dirishani, kwenye pikapu nyeupe iliyoegeshwa uani. Ilikuwa kuukuu, na mlango wake mmoja ulikuwa umepakwa kijani, pengine na fundi aliyekuwa akijaribu rangi. Mhandisi hakuwahi kumiliki kitu chenye magurudumu. Alipoulizwa anataka malipo gani, akaionyesha kwa kidevu.

Siku ya kuhesabu ilikwenda vizuri kuliko alivyoomba. Mhandisi alikuwa amepaka kila mfuniko wa mapipa yake tone la tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, kwa ajili ya heshima ya kazi. Wahesabuji wa serikali walipita na leso puani, wakibandika stika mbio mbio, na mmoja wao alipoinama karibu na pipa la maji ya bomba alipatwa na kizunguzungu ikabidi aketishwe kivulini na kupepewa. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyempepea. Mapipa mia na ishirini yakaingia kwenye daftari la taifa.

Likabaki jambo la kuyatoa yale sitini ya maji. Hapo Mama Stoo akatoa karatasi. Alieleza kwa sauti yake ileile ya chini kwamba pipa likishabandikwa stika halitoki getini bila hati ya makabidhiano, na kwamba kwa mujibu wa hati hiyo anayepokea ndiye mwenye mzigo tangu siku anapotia sahihi. Bila hati, mwakani kiwanda hakitaweza kuonyesha mapipa sitini yamekwenda wapi, na punguzo halipo.

Mhandisi alicheka hadi kofia ikamteleza. Alikaa, akavuta kalamu mojawapo ya zile za mikutano, akajaza. Penye eneo la kuhifadhia akaandika: hekta mbili, ukuta pande zote, kilomita arobaini kutoka mjini, hakuna makazi ya watu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, hata adui zake walikubali hilo.

"Kweli hakuna watu huko?" Mama Stoo aliuliza.

"Hata ndege hawatui, mama."

Aliuliza tena, akimtazama machoni. Hakuna mtoto, hakuna kisima, hakuna mfugo? Mhandisi akaapa kwa marehemu wote aliowajua. Kisha, akiwa anachora sahihi yenye mikia mitatu, akamtania kwamba hata wakimkamata, watamfunga kwa kosa la kumiliki maji. Mama Stoo hakucheka. Aliikunja hati mara mbili, akaitia kwenye faili, na akamwambia asijisumbue na kupakia. Aje Ijumaa, wapakiaji wake watalijaza lori.

Ijumaa Mhandisi alikaa ndani ya pikapu yake uani pa kiwanda, akirekebisha vioo, akiwasha na kuzima taa za kona, huku wapakiaji wakihangaika nyuma yake na mapipa. Hakugeuka hata mara moja. Mtu ambaye ameshampiga mwenzake changa la macho huwa hana haja ya kutazama nyuma, au ndivyo alivyoamini. Kwa kuwa eneo lake la hekta mbili halikuwapo, alitaka lori la kiwanda lishushe mzigo njia panda, na kutoka hapo akakodi lori jingine hadi kwa dada. Jioni mapipa yalikuwa yamerudi kwenye mistari yake, na dada akayahesabu akakuta yametimia.

Kesho yake asubuhi Mhandisi alikuwa anaupiga msasa ule mlango wa kijani. Dada alipita na ndoo, akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya puani. Aliinamia pipa la kwanza, akahangaika na mfuniko, akaita kwamba mbona safari hii yamefungwa kwa pete ya chuma na bolti, na si mipira kama alivyofunga yeye.

Mhandisi akasimama na msasa mkononi. Pete ya chuma. Alikumbuka ameziona pete kama hizo mahali, zimepangwa nyuma ya ukuta wa chumba cha kulia. Kisha harufu ikamfikia. Yeye mwenyewe alikuwa mpakaji wa tina, alijua harufu ya kughushi. Hii haikuwa ya kughushi. Alikimbia akiruka makopo, akakanyaga miche ambayo hajawahi kuikanyaga, akaipiga ndoo ya dada ikamtoka mkononi ikaenda kugonga ukuta. Mfuniko ulikuwa umeshainuka nusu. Ndani kulikuwa na tope zito la zambarau, na lilichuruzika ukingoni likadondoka kwenye nyasi.

Dada alikohoa hadi akakaa chini. Mhandisi alimburuta kwenye bomba, akamwosha mikono, akamwosha tena, akamwosha mara ya tatu. Aliogopa. Hajawahi kuogopa hivyo, hata siku ile ya mkutano wa matofali alipotakiwa kuonyesha tofali.

"Uliniambia maji," dada alisema alipopata pumzi.

"Yalikuwa maji."

Ilikuwa kweli tupu, na ilisikika kama uongo mbaya kuliko wote aliowahi kumwambia.

Alifika kiwandani na pikapu ikitoa moshi. Tajiri wa Rangi alimtazama kupitia dirishani, akasema hamfahamu, na akaagiza geti lifungwe. Ni Mama Stoo aliyetoka kwa mlango mdogo wa pembeni, na hati mkononi, kana kwamba alikuwa anamngoja.

"Umeniingiza mjini, mama. Umebakiza maji, umenipa sumu."

"Nimekupa ulichotilia sahihi. Taka ya rangi, mapipa sitini. Miaka kumi na moja naomba iondoke pale, wanawake wangu wanakula wakikohoa. Nikaona Mungu kaniletea mtu mwenye hekta mbili zisizo na watu." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Niliuliza mara mbili."

Mhandisi alikuwa amekuja na matusi tayari, yamepangwa kwa ukubwa. Hayakutoka.

"Hakuna hekta," akasema. "Ni uani kwa dada yangu. Anaotesha miche. Leo asubuhi alifungua pipa amwagilie."

Mama Stoo aliivaa miwani, akaivua. Aliuliza amevuta kiasi gani, imemgusa wapi, amenawa. Akarudi ndani bila kusema zaidi, akatoka na glavu, barakoa mbili na gunia la mchanga, akaingia kwenye pikapu kwa mlango wa kijani na kumwambia aendeshe. Njiani hakumsemesha ila mara moja tu, kumwambia kwamba angejua, angeendelea kuandika barua mpaka ya mia.

Uani kwa dada alilifunga pipa, akamwaga mchanga palipodondoka, akaukwangua udongo hadi chini na kuutia kwenye mfuko. Alikaa na dada kitambo kirefu, akimkagua macho na mikono, wakaongea mambo yao huku wakimtupia Mhandisi jicho. Kabla ya kuondoka akampa Mhandisi ushauri pekee uliokuwapo. Sheria inampa mpokeaji siku kumi na nne kuufikisha mzigo kwenye tanuri la kuchomea taka lenye leseni. Akizidisha, kiwanja kilipo mzigo kinafungwa na kila kilichooteshwa humo kinang'olewa. Na gharama ni za mwenye mzigo.

Basi Mhandisi akaenda ofisini kwa Mkaguzi Mkuu kufanya kitu ambacho hakuwa na mazoezi nacho. Alisema ukweli wote, tangu biskuti. Mkaguzi alimsikiliza kwa huzuni kubwa, akainuka, akafunga mlango, akakaa tena.

"Ndugu mdau," akasema, "nikiandika kwamba yalikuwa maji, nitakuwa nimeandika kwamba taifa lilihesabu maji. Ripoti imeshachapwa. Ina picha ya waziri kwenye jalada."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sera inasema mwenye taka alipe. Stika ni zetu, sahihi ni yako. Mwenye taka ni wewe."

Hivyo ndivyo, kati ya watu wote wa mji ule, wenye viwanda na mabomba yao yaliyofichwa chini ya ardhi, sera ilivyompata mtu mmoja wa kutekelezwa juu yake kama ilivyoandikwa, naye ni mtu ambaye hakuwahi kutengeneza hata kopo moja la rangi. Wenye tanuri walitaka walipwe kabla ya kugusa pipa. Mhandisi akawapelekea kitu pekee alichokuwa nacho. Waliizunguka pikapu, wakaipiga mateke magurudumu, wakasema rangi ya mlango inaipunguzia thamani lakini wataichukua. Siku ya kumi na mbili malori yao yakaja, wanaume waliovaa mavazi meupe mwili mzima wakabeba mapipa moja moja kupita kwenye vijia vya dada, na Mhandisi aliwatangulia kila safari, akisogeza makopo ya miche yasiguswe.

Msomaji asidhani Tajiri wa Rangi aliondoka akicheka. Mhandisi hakuwa bongo pekee mjini. Viwanda vingine navyo vilikuwa vimepata washauri wao, na ripoti ya taifa ilipofunguliwa ikaonekana mji mmoja una sumu ya kutosha kuulia mabara mawili. Serikali ikaingiwa na hofu, ikaiacha njia ya tatu na kuirudia ya pili: tozo kwa kila pipa lenye stika, kila mwezi, mpaka lifike kwenye tanuri. Tajiri alikuwa na mapipa sitini yenye stika, yote ya maji. Kusema ni maji ni kukiri jinai. Kuyamwaga ni jinai nyingine, na kuyapeleka tanurini yakafunguliwe ni kujishitaki. Kwa hiyo anayalipia kama sumu hadi leo, na Mama Stoo anayatunza kwa funguo mbili, na wanawake wa upakiaji wanakula chakula chao bila kukohoa.

Malori yalipoondoka, dada alileta vigoda viwili, akaviweka katikati ya ua. Nyasi zilikuwa zimekufa mahali pamoja tu, duara la upana wa ndoo. Alilitazama, kisha akamtazama mdogo wake, na Mhandisi akajua kwamba swali linalokuja ndilo litakaloamua kama usiku huo ana pa kulala.

"Humu ndani ya ua wangu," dada alisema, "kuna kitu gani kingine ambacho sicho ulichoniambia?"

Mhandisi alivua kofia ya njano, akaiweka magotini. Akaanza na geti, ambalo alisema ni zawadi ya kanisa na halikuwa zawadi. Akaja kwenye tangi la juu, ambalo lilikuwa na jina la shule chini ya rangi. Akaja kwenye waya wa umeme na mahali ulikoanzia. Akataja koleo, akataja toroli, akataja mbolea aliyosema imetoka ng'ambo. Dada alitikisa kichwa kila baada ya kitu kimoja, na uso wake ulizidi kuchoka. Jua lilisogea hadi wakalazimika kusogeza vigoda.

Mwisho akamgeukia mbwa mzee aliyelala miguuni pa dada. Mbwa huyo alimleta miaka minne nyuma, wiki moja baada ya shemeji yake kuzikwa, dada alipokuwa halali kwa kuogopa wezi.

"Na huyu," Mhandisi alianza, "niliyekwambia kastaafu polisi..."

Dada akainua mkono.

"Mbwa niachie hivyohivyo," akasema, akainuka, akaenda kuinjika chai ya watu wawili.